Kwa Nini Lazima Nichore Hema?

Nianze na ombi kwa wenye fomu. Lile swali la "kazi hii ina uhusiano gani na maisha ya mkimbizi?" lifuteni. Lifuteni kwenye fomu ya maombi, lifuteni kwenye ripoti, na likitoka mdomoni mwa mgeni aliyekuja kututembelea kwa dakika 15, mwenyeji wake amkanyage mguu chini ya meza. Hapa kambini kuna vijana 11 ambao tangu mvua za mwaka jana wanaunda chombo kimoja cha anga kwenye kompyuta. Si chombo cha kweli. Ni chombo cha sinema, hakijawahi kuruka popote, na sinema yenyewe ilitoka kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Mimi ni mmoja wa hao 11. Naandika kwa sababu tumeambiwa, kwa adabu sana na kwa tabasamu, tubadilishe mada. Eti tuunde hema. Au bomba la maji. Au "safari yetu".

Sitaki kuunda hema. Nimelala ndani ya hema miaka 2 nikiwa mdogo, nazijua kamba zake zote, na hakuna kitu ndani yake ambacho bado kinaniuliza swali. Chombo hiki kinaniuliza maswali kila siku.

Kwa wasiojua: kinaitwa Discovery. Kimo ndani ya 2001: A Space Odyssey, sinema ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, aliyoiandika pamoja na Arthur C. Clarke. Angalieni huo mwaka vizuri. Binadamu alikuwa bado hajakanyaga mwezi. Alikanyaga Julai 1969. Hapakuwa na kompyuta ya kumchorea mtu chombo. Hata zile skrini za kompyuta unazoziona ndani ya sinema ni uongo mtamu: ni vipande vya filamu vilivyochorwa na watu, vikamulikwa kwa projekta kutoka nyuma ya kioo. Na chombo chenyewe kilijengwa kwa mikono, Borehamwood huko Uingereza. Modeli kubwa ilikuwa na urefu wa futi 54, karibu mita 16 na nusu. Basi la Kitale likisimama pembeni yake lingeonekana fupi.

Zile alama ndogo ndogo juu ya ngozi ya chombo, zinazokufanya uamini kwamba ni mashine kubwa kweli, walizipata wapi? Walinunua vifurushi vya plastiki vya watoto, vile vya kuunganisha mwenyewe, vya mabehewa, vya manowari, vya ndege. Mamia ya vifurushi. Wakachagua vipande, wakavibandika. Yaani mlango wa behewa la treni unageuka kuwa kifuniko cha mtambo wa kwenda Jupita. Kila fundi wa redio hapa sokoni anaielewa kazi ya namna hiyo bila kufundishwa, ndivyo anavyoishi.

Halafu, kazi ilipokwisha, modeli ziliharibiwa. Mwaka 1984 mkurugenzi mwingine, Peter Hyams, alipotengeneza sinema ya kuendeleza ile hadithi, alihitaji chombo kilekile na hakukipata. Modeli hakuna, michoro hakuna. Watu wake ikabidi wachukue ile filamu ya 1968, wakuze fremu zake, wapime kutoka kwenye picha, wajenge upya. Chombo kilichobaki kwenye picha tu.

Nyie mnaotafuta uhusiano na maisha yetu, mko hapo? Au niendelee?

Naendelea, maana nataka mjue hasa tunachofanya. Wengi mnaotuhukumu mnadhani tunacheza gemu.

Kazi inaenda hivi. Unachukua fremu moja ya sinema. Kwenye picha, mistari ambayo kwa kweli iko sambamba inaonekana inakwenda kukutana mbali, kama pande mbili za barabara ya Lodwar unapoitazama kutoka mbele ya lori. Kuna programu ya bure, fSpy, ambayo ukiionyesha mistari hiyo inapiga hesabu kamera ilisimama wapi na ilielekea wapi. Unaichukua kamera hiyo ya kubuni, unaiingiza kwenye Blender, na sasa unatazama kupitia jicho lilelile la mpiga picha wa Kubrick. Unaweka tufe. Unalisogeza mpaka likae juu ya tufe la kwenye picha. Unafurahi. Unafungua fremu ya pili, iliyopigwa kutoka upande mwingine, na tufe lako halikai. Limevimba huku, limepungua kule. Maana yake ulichokiita kipimo kilikuwa bahati. Unarudi mwanzo. Fremu ya tatu inakwambia hata ulichosahihisha si sahihi.

Kwa mwezi mzima wa kwanza hatukuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni yeyote isipokuwa tufe, fimbo na daftari la vipimo vilivyokatwa kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo yule aliyekuja na kamera ya kutupiga picha za ripoti alipouliza kama hatuna "kitu cha rangi rangi".

Picha peke yake haikwambii ukubwa. Inakupa uwiano tu. Ili upate mita, lazima uwe na kitu kimoja ambacho ukubwa wake unaujua kutoka nje ya picha. Sisi tulichoshika ni gurudumu. Ndani ya tufe la mbele, kwenye hadithi, kuna gurudumu kubwa linalozunguka ili wanaanga wapate uzito, watembee, wale mezani kama watu. Kwa ajili ya sinema, kampuni ya Vickers-Armstrong ililijenga kweli: kipenyo cha futi 38, kwa gharama ya dola kama 750,000 za wakati huo, na lilizunguka kweli huku mwigizaji anakimbia ndani. Futi 38 ni kama mita 11.6. Nusu yake, mita 5.8.

Dada mmoja wa kikundi chetu, aliyeacha shule Form Two kwa sababu ninazozijua na hazihusu mtu, alikaa na hiyo 5.8 kwa siku tatu. Alitaka kujua gurudumu lizunguke kwa kasi gani ili mtu apate uzito kama wa mwezini. Hakuna mwalimu aliyempa swali hilo. Alilitaka kwa sababu gurudumu letu lilikuwa linazunguka kwenye skrini kwa kasi aliyoikisia mtu, na lilimkera. Jibu lake: mizunguko kama 5 kwa dakika. Akaenda mbele. Akasema, mtu wa kimo cha mita 1.7 akisimama ndani ya gurudumu dogo hivi, kichwa chake kiko karibu zaidi na katikati, kwa hiyo kichwa kinapata uzito pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko miguu. "Huyo mtu angetapika," akasema. Tukacheka, lakini hesabu aliirudia mbele yetu ubaoni na hakuna aliyeweza kuipinga, na tulijaribu, maana kuna wanaume kwenye kikundi ambao hawakupenda kabisa.

Sasa niambieni ni mafunzo gani ya siku 3, yenye bango na chai na cheti, yamewahi kumfanya dada huyo asimame ubaoni.

Kulikuwa na ugomvi mwingine, mkubwa zaidi. Kitabu cha Clarke kinasema tufe wanamoishi wanaanga lina kipenyo cha futi 40. Gurudumu la sinema ni futi 38. Na mbele ya gurudumu, ndani ya tufe hilohilo, panatakiwa kuwa na chumba cha vile vichombo vidogo vya kutokea nje, vitatu, kila kimoja na mlango wake wa duara. Na juu, chumba cha uongozi. Haviingii! Ukivipanga ndani ya Blender kwa vipimo halisi, kuta zinapitana kama maboksi yaliyokanyagwa. Kwa hiyo ama tufe la sinema ni kubwa kuliko la kitabu, ama sinema inadanganya kati ya nje na ndani. Tuligombana wiki mbili. Wengine walitaka tulikuze tufe kimyakimya tu ili mambo yaishe, nani atajua? Mwishowe tuliamua: nje inafuata picha, ndani inafuata seti iliyojengwa, na pale visipokubaliana tunaweka kibandiko chekundu ndani ya faili kinachosema wazi, "hapa haviingiani, hiki ndicho tulichochagua na hii ndiyo sababu."

Nimeishi kambini miaka mingi na nimesoma ripoti nyingi kuhusu kambi hii. Kibandiko chekundu kama hicho sijakiona hata kwenye moja.

Jambo lingine dogo, halafu nitaacha ufundi. Chombo kama hiki, chenye injini ya nyuklia, kwa kweli kingehitaji mabapa makubwa ya kutolea joto, maana kule angani hakuna hewa ya kupoza kitu. Wabunifu walilijua hilo. Waliyaondoa kwenye sinema kwa sababu watazamaji wangedhani ni mabawa, na chombo kisichopita kwenye hewa hakina haja ya mabawa. Hapo tena tuligawanyika: tuyarudishe, kwa sababu ni sahihi kisayansi? Mimi nilikataa na bado nakataa. Tulisema tunaunda kile kilichoonekana kwenye skrini. Anayetaka chombo chenye mabapa aunde chake, akiite jina lingine. Ila ule uti wa mgongo mrefu mlioushangaa una sababu: injini iko mbali nyuma ili miale ya nyuklia isiwafikie watu walio mbele. Kila kirefu pale kina sababu yake.

Basi. Nirudi kwa wenye fomu.

Najua si roho mbaya. Nimekaa na wafanyakazi wa mashirika vya kutosha kujua kwamba wengi wao wanabanwa na mtu aliye juu yao, naye anabanwa na mtu aliye Ulaya au Marekani, na huyo wa mwisho anataka kuona picha ambayo mfadhili ataielewa bila kusoma. Kijana na hema, anaelewa. Kijana na bomba la maji, anaelewa. Kijana wa Kikongo na chombo cha kwenda Jupita, hapo anauliza pesa zake zimeenda wapi. Lakini kuelewa kwa nini mtu anakukosea hakufanyi kosa liwe sawa. Kijana wa London akiunda Discovery kwenye chumba chake, hakuna anayemwuliza ina uhusiano gani na maisha ya London. Wanamwuliza kama vipimo vimekaa. Ni swali hilo tu ninalolitaka. Nikosoe tufe langu! Niambie antena ya uti wa mgongo ina sahani tatu, moja kubwa na mbili ndogo, na yangu ya kushoto imeinama vibaya. Hapo utakuwa umeniheshimu.

Kwa hali ilivyo, sisi tumepewa mada moja maishani: sisi wenyewe. Tukiandika shairi, liwe la ukimbizi. Tukicheza ngoma, iwe ya Siku ya Wakimbizi tarehe 20 Juni. Tukichora, tuchore mtu amebeba godoro kichwani. Na tumeizoea hadi tunajiagiza wenyewe. Nimeona mtoto wa miaka 9, aliyezaliwa hapahapa na hajawahi kubeba kitu kichwani zaidi ya ndoo, anachora mtu amebeba godoro, kwa sababu anajua mchoro huo ndio unaopata biskuti.

Kuna hoja moja nzito, na siikimbii. Mgao umepunguzwa. Kila nyumba inajua. Kuna watu wanaopika mara moja kwa siku, na kuna nyumba ambazo siku hiyo moja nayo haifiki. Mama yangu mwenyewe aliniangalia nikirudi jioni na laptopu akasema, "Mutoto yangu, ile kitu iko natulisha?" Nikamwambia hapana, mama. Sikumdanganya, na sitawadanganya nyinyi. Siwezi kusimama hapa niseme 3D itatulipa. Wapo wanaotuuzia ndoto hiyo pia, ati kazi za mtandaoni, ati dunia ni kijiji, halafu unapata kazi kweli, unaimaliza kweli, na pesa inakwama njiani kwa sababu mfumo wa malipo hauijui karatasi yako ya ukimbizi. Waliotuahidi kazi wangeanza na hilo.

Lakini wenye hoja ya chakula, hebu tuulizane. Machine sita za kompyuta zikinyamaza, mgao unaongezeka? Nikiacha kupima tufe, gunia la mahindi linafika? Chumba kile kina sola yake, kompyuta zake ni za zamani, RAM ya GB 4, zilishalipiwa na mradi uliokufa. Kinachopendekezwa si kuzigeuza kuwa unga. Kinachopendekezwa ni kuziweka kwenye mafunzo mengine ya ujasiriamali. Jamani. Tumefundishwa kutengeneza sabuni mpaka wauza sabuni wamekuwa wengi kuliko wanaooga. Mafunzo yale yana faida yake, sikatai, shangazi yangu anauza sabuni nzuri tu. Ila msiniambie kwamba sabuni ya arobaini ni chakula na gurudumu la Discovery ni anasa.

Na kuhusu gharama, hapa nina hasira ya pekee. Kabla ya Blender kulikuwa na mradi uliotuletea programu ya kulipia. Nzuri, inang'aa. Tulijifunza miezi 7. Mradi ulipoisha, leseni ikaisha, na kazi zetu zote zikabaki zimefungwa ndani ya mafaili ambayo hakuna kompyuta hapa inayoweza kuyafungua. Hakuna aliyekuja kusema pole. Blender ni ya bure na itabaki ya bure, na si kwa sababu tajiri mmoja alitoa sadaka. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, alipoona kampuni yake imeanguka mwaka 2002, aliwaomba watumiaji wachange Euro 100,000 ili programu inunuliwe kutoka kwa wenye hisa na kuachiwa watu wote. Zilipatikana kwa wiki 7. Watu walichanga, kama tunavyochanga sisi kwenye msiba. Na asiniambie mtu kwamba kitu cha bure ni cha kuchezea: Flow, sinema ya paka na mafuriko kutoka Latvia, nchi ndogo kabisa, iliundwa na kurendwa kwa Blender, na Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya uhuishaji. Kwa hiyo mkija na mradi mpya, msituletee leseni. Tuleteeni chaja. Chaja mbili zimekufa.

Sasa lile pendekezo la mwisho, ambalo limeniweka macho usiku zaidi ya yote. Mgeni mmoja, mtu mwema, nasema kweli ni mtu mwema, alisikiliza maelezo yetu yote kuhusu kupima kutoka kwenye picha, macho yakamwaka, akasema: "Basi mngeweza kuunda vijiji vyenu vilivyochomwa!" Na wenzake wakaitikia kwa vichwa, na naona tayari walikuwa wanaliona bango.

Nimfafanulie. Nyumba ya bibi yangu kule Fizi haina picha hata moja. Discovery ina fremu kwa maelfu, imepigwa polepole na kamera nzuri, kila fremu ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa ili hata kitu kidogo kisipotee. Nyumba ya bibi ina watu watatu wanaoikumbuka, na hawakubaliani mlango ulitazama upande gani. Mama anasema ulitazama ziwa. Mjomba anasema hapana, ulitazama njia. Nani ni fremu ya pili hapo? Nani ananionyesha kwamba tufe limevimba? Mtu anayetaka kufanya kazi hiyo bila kudanganya lazima kwanza awe fundi mkubwa wa kupima, wa kukiri kwamba hapa haviingiani, wa kuweka kibandiko chekundu. Ufundi huo hauanzi na msiba wako mwenyewe. Mkono ukitetemeka huwezi kupima. Unauanza na kitu kisichokuumiza, kitu cha mbali, kitu cha sinema, ambacho ukikosea unacheka na kurudia.

Na hata siku nikiweza, ni mimi nitakayechagua. Nikiiunda nyumba ya bibi, mama yangu ataitazama akiwa ameketi, na mjomba wangu, na watagombana kuhusu mlango mpaka usiku. Haitakuwa ya ukumbi wa maonyesho wenye glasi za juisi. Naomba jambo hilo lisipendekezwe tena na mtu ambaye hajaulizwa.

Nisiwaonee wafanyakazi wa mashirika peke yao. Wenzangu vijana, nanyi nina yenu.

Kuna tabia ya kupakua modeli iliyokwisha kuundwa na mtu mwingine, kubadilisha rangi, kuandika jina lako chini na kuirusha kwenye grupu. Discovery zimejaa kule mtandaoni, za bure na za kulipia, baadhi zimetengenezwa na watu waliohangaika miaka. Pakua, itazame, jifunze, sema umeipata kwa nani. Lakini ukiiandika jina lako, umewapa wenye fomu silaha. Watasema, mnaona, hawaundi, wanabandika. Na kuna hii ya kuiambia akili bandia ikuchoree "chombo cha anga cha kuvutia". Inakuchorea kwa dakika moja, na kinavutia, sibishi. Mwambie basi akionyeshe kwa nyuma. Sahani za antena zilizokuwa tatu zinakuwa nne, tufe linapata dirisha ambalo halikuwepo. Picha ile haina nyuma. Modeli yetu ina nyuma, ina chini, ina ndani, na ukimzungusha mgeni kutoka upande wowote haitabadilisha maneno yake.

Pia acheni kuwacheka wanaofanya pingili. Uti wa mgongo wa Discovery ni pingili zinazojirudia, na kijana anayekaa wiki nzima kwenye pingili moja hapotezi muda: ile moja akiimaliza vizuri, nyingine zote ni nakala zinazoshirikiana data ileile, na kompyuta ya GB 4 inabeba uzito wa moja tu. Mlioanza kwa kuunda zote moja moja kwa haraka ndio mliozima mashine mara tano kwa siku na kutumalizia betri.

Tumeambiwa kuna kikao Jumatatu cha kuamua chumba kitumike vipi. Hatujaalikwa, lakini tutakuja. Tunataka vitu vitatu na havina gharama kubwa: kompyuta sita zibaki zilipo mpaka Disemba; saa mbili za jioni, baada ya jua kuwa limejaza betri, ziwe zetu bila kuombea ruhusa kila siku; na zile chaja. Tutakuja na laptopu moja iliyochajiwa, na faili. Dada wa gurudumu atakuwepo. Atakayesema tubadilishe mada ataombwa kwanza akae mbele ya skrini, achague fremu yoyote ya sinema, na atuonyeshe ni wapi modeli haikai. Tunamsaidia hata kwa kumwambia pa kuanzia: mlango wa tatu wa vichombo vidogo, ule wa kulia ukiwa unakitazama chombo kwa mbele. Haujakaa sawa tangu Ijumaa, na mpaka naandika hapa bado tunaufukuzia.